Nani Ataje Chanzo cha Janga? Imani na Sayansi Bukoba na Muleba

Muleba ina hospitali tatu ambazo mtu yeyote wa huko atakutajia bila kufikiri: Rubya na Kagondo za Jimbo Katoliki la Bukoba, na Ndolage ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Kwa miaka mingi Rubya ilitumika kama hospitali teule ya wilaya: majengo ni ya kanisa, serikali ikachangia watumishi na dawa. Ugonjwa ukizidi uwezo wa wilaya na mkoa, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, nayo ni hospitali ya maaskofu. Watu wa pande hizi wamezaliwa mikononi mwa masista, wamepimwa malaria kwa hadubini ya misheni, na wengi wamekata roho humo humo, mchungaji au padre akiwa upande mmoja wa kitanda na chupa ya dripu upande wa pili. Ukiwauliza kama sayansi na dini vinaweza kuishi pamoja, watakushangaa.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Katika mkoa huu huu wa Kagera wapo watu waliokuwa wakiendelea vizuri na dawa za kufubaza VVU (ARV), wakaambiwa kwenye mkutano wa maombezi kwamba wamepona, wakaziacha. Wapo wazee waliokufa na elimu ya miti shamba kifuani kwa sababu waliambiwa kwamba ni mambo ya shetani. Kuishi pamoja kumewezekana, ila kumekuwa na majeraha, na mchambuzi mkweli hawezi kuyaruka. Hoja yangu ni kwamba hapa Kagera ugomvi haujawahi kuwa juu ya kuwepo kwa Mungu. Umekuwa juu ya nani mwenye haki ya kutaja chanzo cha janga, na kama huyo anayekitaja yuko tayari kukaguliwa.

Ulaya ina historia yake ya swali hili. Galileo alihukumiwa Roma mwaka 1633, na kesi yake imekuwa ndiyo picha ya kwanza inayowajia watu wakitajiwa dini na sayansi, ingawa mwanzilishi wa elimu ya urithi, Gregor Mendel, alikuwa mtawa, na Georges Lemaître, aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo mno na kupanuka, alikuwa padre. Sisi tumeisoma kesi ya Galileo darasani tukaichukua kana kwamba ilitokea kwetu. Ya kwetu ilianzia mbali zaidi, na ilianzia kwenye chuma.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alichimba na kufanya mahojiano Buhaya, nchi ya Wahaya, hasa Katuruka, kwenye makao ya kale ya mfalme, Mukama Rugomora Mahe, na baadaye ufukweni Kemondo. Katikati ya miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliowahi kufua chuma ujanani walijenga tena tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma mbele ya macho yake. Walichoma majani ya kinamasi yakajaa shimoni kama makaa, wakasimamisha kuta kwa udongo wa kichuguu na mabaki ya chuma, wakaingiza mifereji ya udongo hadi ndani ya tanuri ili hewa ya viriba ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa kandokando ya Ziwa Viktoria walikuwa wakitoa chuma cha hali ya juu chenye kaboni tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wapo wataalamu waliopinga sehemu ya maelezo yao kuhusu joto la tanuri, na mjadala huo ulifanyika hadharani kama inavyopasa.

Kinachonihusu mimi ni kile kilichokuwa chini ya tanuri. Kabla ya kuwasha moto, mafundi walichimba kishimo katikati ya sakafu wakafukia vitu vya kinga na baraka, na matanuri ya kale nayo yamekutwa na vishimo vya namna hiyo. Walijitenga na wake zao muda wote wa kazi. Kwa mtu wa leo hiyo ni dini na ile mifereji ya hewa ni ufundi. Kwa mafundi wale ilikuwa kazi moja yenye hatua zinazofuatana, na aliyeruka mojawapo aliitwa mzembe. Sisemi kwamba dawa ile ya kishimoni ilisaidia chuma kuyeyuka. Nasema kwamba mtu aliyeamini hivyo aliweza pia kujaribu udongo huu na ule, kuupima mkaa kwa jicho, kukumbuka kilichoharibika mara iliyopita na kukirekebisha. Imani yake haikumzuia kuchunguza. Iliwazuia wengine: mwanamke hakuruhusiwa kusogea, na sehemu ile ya elimu ikawa haiguswi na nusu ya watu. Hilo nalo lazima lihesabiwe.

Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya kwanza ya Bukoba, Kashozi, mwaka 1892. Walutheri wakafuata baadaye. Walileta kalamu, hospitali na shule, na kutoka kwenye shule hizo walitoka watu kama Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu aliyefanywa kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika zama hizi, na Josiah Kibira, askofu aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977. Lakini wamisionari walimkuta mganga, omufumu, aliyekuwa na vitu viwili kwa pamoja: pepo za embandwa kwa upande mmoja na mimea kwa upande mwingine. Hawakuvitenganisha. Aliyebatizwa alitakiwa aviache vyote. Mmea wa omubilizi uliendelea kuchemshwa jikoni kwa homa kwa sababu kila nyumba iliujua, lakini elimu ya ndani zaidi ilijificha.

Iliwachukua wanasayansi muda mrefu kuja kuitafuta. Mwaka 2009 na kuendelea, watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, wakiongozwa na Mainen Moshi, walichapisha orodha za mimea ya tiba kutoka kata za Bugabo na Katoro, na kutoka kijiji cha Kikuku wilayani Muleba. Walikaa na waganga, wakaandika majina ya Kihaya na matumizi yake, kisha wakaanza kuipima maabara kuona ipi inazuia bakteria na ipi ina sumu. Huwa naisoma kazi hiyo kwa furaha na kwa uchungu. Sayansi ilikuja kufanya kile ambacho kanisa lingeweza kukifanya miaka 100 kabla yake, kama lingemwuliza omufumu swali moja tu la kitabibu kabla ya kumhukumu. Hapa dini ilikosea, na kosa lake lilikuwa la haraka: ilitaja chanzo cha uponyaji wa mtu bila kukichunguza.

Sayansi nayo imewahi kufikishwa mwisho wa uwezo wake hapa Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko, mara saa chache, mara siku nzima na zaidi. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikaenda nao. Nshamba wakapatwa zaidi ya watu 200, kisha shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye karibu na Bukoba. Kashasha ilifunguliwa mwezi Mei ikafungwa tena Juni. Watu waliuita ugonjwa wa kucheka, enwara yokusheka. Wapo waliosema unga wa mahindi umetiwa sumu, na wapo waliosema hewa imechafuliwa na mabomu ya nyuklia ya wakubwa.

A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, daktari wa Bukoba, walichukua damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula. Hawakupata sumu wala kirusi. Hakufa mtu. Mwaka 1963 waliandika kwamba ni mshtuko wa akili unaoambukizana katika kundi lenye hofu ya pamoja. Nawaheshimu sana kwa sababu waliorodhesha kwanza walichokitafuta wakakikosa. Lakini tuwe wakweli: jina walilolitoa lilisema kilichotokea bila kusema kwa nini wasichana wale, kwa nini mwezi ule, ni mzigo gani waliokuwa wameubeba. Buhaya ilikuwa na uzoefu wa zamani wa watu kushikwa na nguvu isiyoonekana, kutetemeka, kusema maneno yasiyo yao, na ilikuwa na njia ya kuwatuliza mbele ya ndugu zao. Uzoefu huo haukuulizwa. Wasichana walikuwa wamekatazwa embandwa na wamepewa nidhamu ya bweni, na daktari hakuwa na sindano ya hilo. Kwangu Kashasha ni mahali ambapo dini na sayansi zote mbili zilikuwepo shuleni na zote mbili ziliwaacha watoto wale peke yao na swali lao.

Kisha likaja janga lililoipima Kagera kuliko lolote. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla ya jina hilo watu walikuwa na la kwao, Juliana, kutokana na kitambaa cha shati kilichokuja kwa magendo kutoka Uganda. Ilisemwa kwamba wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa na vijana wa kwetu wameroga mali yao. Maelezo hayo yanachekesha leo, ila tuyaangalie vizuri: waliokufa mwanzoni walikuwa kweli vijana wa biashara ya mpakani, wenye fedha na safari. Watu waliona mfuatano sahihi wakataja chanzo kisicho sahihi. Mtafiti wa magonjwa naye huanza kwa kuona mfuatano. Tofauti ni kwamba yeye hulazimika kuutafutia ushahidi unaoweza kumkana.

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, Japhet Killewo na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za wakazi. Bukoba mjini walikuta karibu asilimia 24 ya watu wazima wana virusi. Karibu mmoja kati ya wanne. Mimbarini maelezo ya kwanza yalikuwa adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Yalidumu hadi walipoanza kuzikwa wake waliokuwa hawajawahi kutoka nje ya ndoa zao, na watoto wachanga. Hapo ndipo mahubiri mengi yalipobadilika, na yalibadilishwa na takwimu kiasi kile kile yalivyobadilishwa na huruma, kwa sababu kipimo cha damu kilionyesha kwamba maradhi hayachagui mwema na mwovu. Sijui mfano mzuri zaidi wa sayansi kuinyoosha theolojia bila kuivunja.

Na dini ikafanya kazi ambayo sayansi haikuwa na namna ya kuifanya. Tangu 1983 hadi 2004, serikali ilipoanza kutoa ARV bure, daktari wa Bukoba aliweza kumwambia mgonjwa ana nini, ila hakuweza kumpa kitu cha kumrudisha kazini. Zaidi ya miaka 20. Wagonjwa walioshwa nyumbani na mama na bibi zao, wakaombewa, wakazikwa kwa heshima. Dayosisi ya Kilutheri ilianzisha mwaka 1989 Huduma ya Watoto, HUYAWA, kuwalea yatima kwa karo, ushauri na haki zao za kurithi kibanja, shamba la nyumbani. Nshamba likaanzishwa shirika la Humuliza kwa ajili ya majonzi ya yatima, na baadaye Kwa Wazee, linalowapa pensheni ndogo mabibi wanaolea wajukuu. Hayo hayakuwa mabaki ya kazi iliyoshindikana hospitalini. Yatima waliosoma kwa karo hizo leo ni walimu, mafundi na wauguzi.

Palikuwa na mgongano halisi pia, na nisingependa kuufunika. Kanisa Katoliki lilikataa kondomu, wataalamu wa afya wakazipigania. Hoja mbili hizo hazipatani, na anayesema zinapatana anataka tu amani ya maneno. Kufikia 1996 maambukizi Bukoba mjini yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 13, kwa mujibu wa tafiti za Gideon Kwesigabo na wenzake, kabla ya ARV kufika. Kila upande umewahi kujipa sifa. Waliohubiri uaminifu wanasema watu walitulia, waliogawa kondomu wanasema watu walijikinga, na ukweli mchungu ni kwamba wengi walikuwa wamekufa, na hofu ya makaburi ilihubiri kuliko wote. Utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta Kagera ikiwa na asilimia 6.5, bado juu ya wastani wa nchi. Msimamo wangu kuhusu kondomu ni kwamba askofu ana haki ya kufundisha kuwa jambo ni dhambi, lakini hana haki ya kufundisha kuwa halizuii virusi. La kwanza ni lake. La pili lina kipimo.

Kwenye tohara mambo yalikwenda kwa namna ya pekee. Wahaya kwa jadi hawakutahiri, Waislamu wa Bukoba walitahiri kwa ajili ya dini. Tafiti zilizofanyika Afrika Kusini, Kisumu, na Rakai, ng'ambo tu ya mpaka wetu, zilionyesha kati ya 2005 na 2007 kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Kampeni ya serikali ikaletwa Kagera. Vijana Wakristo walipanga foleni kwa sababu ya takwimu, kwa jambo ambalo jirani zao Waislamu walikuwa wakilifanya kwa ibada. Hakuna aliyemdai mwenzake akiri kwamba sababu yake ndiyo ya kweli.

Tuje kwenye uviko, kwa sababu ndipo mgawanyo tuliouzoea, wa mwanasayansi huku na mtu wa dini kule, ulipovunjika. Marehemu Rais John Magufuli alizaliwa Chato, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa wa Kagera hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia. Machi 2020 alisema kanisani Dodoma kwamba korona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Aprili akatangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, Mei akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimerudi zikiwa na virusi, na takwimu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021, akiwa Chato, alitilia shaka chanjo. Mwezi huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki likawaandikia waumini kwamba ugonjwa upo na wachukue tahadhari, na Machi katibu wake, Padre Charles Kitima, akasema mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki katika muda wa miezi miwili.

Mkemia aliita maombi, na padre akaleta hesabu ya vifo. Nisieleweke vibaya: kupima kipimo kwa papai ni wazo ambalo mwanafunzi yeyote wa kemia angeliona halali, kwa sababu kipimo chochote lazima kijaribiwe. Kilichokosekana ni kuweka mezani jinsi jaribio lilivyofanyika ili wengine walirudie. Sayansi iliachwa pale, na iliachwa na mwanasayansi. Maaskofu hawakuwa na maabara, ila walikuwa na makaburi ya watu wao na wakayahesabu hadharani. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya taifa tarehe 28 Julai 2021, na hata baada ya hapo mpinzani mkubwa wa chanjo alikuwa askofu mwingine, Josephat Gwajima, aliyekuwa pia mbunge. Kwa hiyo kola ya mtu na shahada yake havikuambii atasimama wapi.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha maelfu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, akisema ameoteshwa na Mungu. Watu walisafiri kutoka kila kona ya nchi, wapo waliotoka vitandani hospitalini, wapo walioacha ARV. Viongozi wa kanisa na wa serikali walikwenda kunywa. Sina shaka na unyofu wa yule mzee. Lakini kikombe kilidai kuponya UKIMWI na kisukari, na madai hayo yana kipimo cha damu. Kupima kulipaswa kuja kabla ya foleni.

Maelezo ya uumbaji na mabadiliko ya viumbe, yanayowagawa Wamarekani, kwetu hayana moto mkubwa. Mtihani wa baiolojia wa kidato cha nne unamtaka mwanafunzi azijue nadharia zote, na mwanafunzi wa Seminari ya Rubya huandika majibu yake akaenda kanisani. Hata fuvu la kale la Zinjanthropus liliokotwa hapa nchini, Olduvai, mwaka 1959 na Mary Leakey, na mumewe Louis alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kabete. Ila kuna jambo moja ningependa mhubiri anayeyakataa mabadiliko ya viumbe alifikirie akiwa kitandani Muleba. Mbu wa huko walizoea dawa iliyokuwa kwenye vyandarua, kizazi baada ya kizazi, waliokufa wakafa na sugu wakazaa. Ndiyo maana watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, wa chuo cha KCMC Moshi na wenzao wa London waligawa Muleba katika makundi 48 ya vijiji na vitongoji na kujaribu chandarua kipya chenye kiambata cha PBO, kinachomvunja nguvu mbu sugu. Malaria kwa watoto ilipungua wazi kuliko kwa chandarua cha kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo kwa sababu ya ushahidi uliotoka Muleba. KCMC ni taasisi ya Kikristo. Chandarua anacholalia mhubiri kilitengenezwa kwa kukubali kwamba mbu amebadilika.

Yapo majanga ambayo hayana kirusi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 Kagera na kubomoa maelfu ya nyumba, yakiwemo majengo ya Ihungo, shule iliyojengwa na wamisionari. Kwenye misiba yote miwili ilisikika kauli ile ya makaburini, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ninaiheshimu kauli hiyo midomoni mwa mfiwa. Haimpi maelezo, inampa mahali pa kusimama siku anayofukia mwanawe, na hakuna mwanajiolojia atakayempa hicho kwa kumweleza tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Lakini kauli hiyo hiyo ikitoka mdomoni mwa anayehusika na usalama inakuwa kifuniko. Meli ilibeba watu kupita uwezo wake. Nyumba zilizoanguka zilikuwa za tofali zisizofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Hayo ni makosa, na ni ya watu. Dini ikikubali kuyaita mapenzi ya Mungu, inamsingizia Mungu na kuwaandalia wengine kifo cha namna ile ile.

Homa ya virusi vya Marburg ya 2023 ilionyesha kwamba tumejifunza kiasi. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alitoka kisiwa cha Goziba, Muleba, akaugulia Bukoba Vijijini. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza jina la ugonjwa baada ya vipimo vya maabara ya taifa, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, kukiwa na wagonjwa tisa na vifo sita, mmoja wa mtumishi wa afya. Ugonjwa huu huambukiza kwa majimaji ya mwili, hata ya maiti, na hivyo unashambulia pale pale dini na mila zinapoamuru upendo: kumshika mgonjwa, kumwosha marehemu, kupeana mikono. Mtaalamu aliyevaa mavazi ya kinga hawezi kuwashawishi wafiwa peke yake. Shehe anayeeleza kwamba mazishi bila kuosha yanakubalika wakati wa hatari, au katekista anayesalia hatua kadhaa kutoka kaburini, anaokoa watu ambao mtaalamu hatawafikia. Mwaka 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo, ukaua watu kumi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba dini na sayansi vinaweza kuishi pamoja na Kagera imevilea pamoja, kwa sharti moja linalowabana wote: anayetaja chanzo cha ugonjwa akubali kukaguliwa, awe daktari, nabii, omufumu au rais. Imani ina maswali yake makubwa kuliko hayo, ya kwa nini tupendane na tufe vipi, na haipungukiwi kitu ikiliachia hadubini swali la vimelea.

Kwa hiyo nawaomba maaskofu wa Bukoba, mashehe wa mkoa na wachungaji wa makanisa madogo yanayoota kila mwaka: mwenzenu anapomwambia mgonjwa aache dawa, msinyamaze kwa kuogopa kuonekana mnapinga miujiza. Mkataeni kwa jina, mimbarini, siku hiyo hiyo. Na wewe unayemeza ARV, ukiambiwa kwenye kliniki ya CTC kwamba virusi havionekani kwenye damu, ujue kwamba dawa ndiyo inayovifubaza na vingali mwilini. Toa ushuhuda kanisani kama moyo unakutuma, ila usiache kidonge hata kimoja kabla hujazungumza na daktari wako.